Bwana Stoo Anajibu: Nibebe Risasi Ngapi?

Bwana Stoo ni sajinitaji mstaafu aliyetunza ghala la silaha jeshini. Siku hizi ana duka la vifaa vya ujenzi Majengo, Moshi. Kila mwezi hujibu hapa maswali ya wasomaji kuhusu silaha za kale, vita vya zamani na mambo ya kambini.

Shikamoo Bwana Stoo. Mimi ni kijana wa Kibosho, nasoma chuo Pennsylvania, Marekani. Wenzangu wa bwenini wamo kwenye kikundi kinachoigiza Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na wamenialika niwe askari wa miguu upande wa Kaskazini. Sare na bunduki wataniazima, ila risasi baridi, yaani zile za mshindo tu zisizo na kichwa, nimeambiwa nijitegemee. Mmoja anasema 20 zinatosha, mwingine anasema nisithubutu kwenda na chini ya 100. Nimsikilize nani?
Mwanafunzi wa Kibosho

Marahaba mwanangu. Wote wawili wanaweza kuwa sawa, maana hakuna aliyekwambia pigano lenyewe lina urefu gani. Bwana stoo hatoi risasi kwa kukisia. Anauliza kwanza: mnatoka saa ngapi, mnarudi saa ngapi, na amri ya kufyatua iko kwa nani? Ukipata majibu hayo, hesabu inajitokeza yenyewe.

Kwa pigano moja la mbele ya watazamaji, beba 60. Hata wale askari wenyewe wa 1861 hadi 1865 ndivyo walivyopewa walipokuwa wanaingia kwenye pigano kubwa. Mkoba wao wa ngozi uliingia risasi 40. Ndani mlikuwa na makopo mawili ya bati. Juu ya kila kopo zilisimama wima risasi kumi, na chini yake ililala pakiti ya kumi ambayo bado haijafunguliwa. Zile 20 za nyongeza mtu alizisunda mifukoni au kwenye begi. Mkoba utakaoazimwa bila shaka umeshonwa kwa mfano huo huo, kwa hiyo 40 zitakaa mahali pake na 20 zitakuwa akiba. Kama kuna pigano la Jumamosi na la Jumapili, andaa 120, ila zile za Jumapili zisitoke kwenye sanduku lenye kifuniko, tena mbali na moto wa kupikia na mbali na mvuta sigara.

Mkwe wangu anaishi huko huko Pennsylvania na anao ugonjwa wa kuvaa koti la sufu mwezi Julai. Nilipokwenda kuwaona walinipeleka uwanjani nikakae kivulini kama mzee, lakini haikupita muda nikawa nimesimama nyuma ya meza ya risasi nahesabu. Niliyoyaona pale ndiyo yanayonifanya nikuandikie kirefu.

Bunduki ile inapakiwa kupitia mdomo wa mtutu. Askari aliyefundishwa vizuri alitarajiwa kupiga tatu kwa dakika. Sasa piga hesabu: mkoba wa 40 unaisha ndani ya robo saa kasoro. Maonyesho yanaweza kuchukua saa nzima. Vijana wageni huingia na joto, wakisikia mzinga wa kwanza wanafyatua kama wanaolipwa kwa risasi, na adui bado yuko ng'ambo ya mahindi. Watazamaji hawaoni kitu zaidi ya moshi. Kisha kikosi cha pili kinajitokeza msituni, ndipo pigano linapoanza kunoga, na wao mikoba inalia pwaa.

Kombania inayojua kazi haipigi muda wote. Inatembea, inalala chini, inangoja, inapiga kwa pamoja kwa amri, inarudi nyuma, inajipanga upya. Katika saa moja ya namna hiyo, mtu mwenye utulivu anatumia 30 hadi 50. Anayebeba 20 atatosheka iwapo amepangiwa kufa mapema. Anayebeba 100 kwa pigano moja, mwangalie vizuri: ama ni mwoga wa kuishiwa, ama amekuja kupiga kelele.

Na ukiishiwa? Usiombe kwa jirani katikati ya mstari, wala usisimame umeshika bunduki kama mwiko. Anguka. Hiyo ndiyo adabu ya mchezo. Chagua tu mahali pa kufia: penye kivuli, pasipo na siafu, na pasipo njia ya farasi. Nimemwona mtu mzima, baba wa watoto, amekufa vizuri kabisa dakika ya kwanza chini ya mti mmoja pale ukingoni, akalala mpaka mwisho.

Fataki sasa. Hapa ndipo wageni wengi hukosea. Ni kile kikofia cha shaba kinachovikwa nyuma ya mtutu, nyundo inakigonga, cheche inaingia kwenye baruti. Ukiwa na risasi 60 usibebe fataki 60, beba 80 au 90. Jeshi lenyewe lililijua hilo: pakiti ya risasi kumi ilifungwa pamoja na fataki 12. Vidole vinatoka jasho, kikofia kinateleza, kinapotea kwenye majani, na huwezi kuinama kukitafuta wakati mstari unasonga. Halafu kabla ya kupakia risasi ya kwanza unapiga fataki moja au mbili tupu kukausha tundu la kupitishia cheche. Mwisho, bunduki ikishapiga 20 au 30, masizi ya baruti yanaanza kuziba kitundu kile, fataki inalia na bunduki hailii.

Hapo ndipo nataka usome polepole. Fataki ikilia bila bunduki kulia, baruti yako bado imo ndani. Kelele za mstari mzima zinaweza kukudanganya ukadhani umepiga. Ukimimina nyingine juu yake, una dozi mbili; na ya tatu je? Baada ya pigano la Gettysburg, Julai 1863, ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000 uwanjani. Inaelezwa kwamba karibu 24,000 kati yake zilikuwa bado zimepakiwa, na kiasi cha robo tatu ya hizo zilikuwa na zaidi ya dozi moja. Wale walikuwa watu wanaopigania roho zao, wametiwa kiwewe. Wewe uko kwenye maonyesho, huna udhuru. Tazama moshi mdomoni mwa mtutu wako, sikia teke begani. Kama huna uhakika, elekeza mtutu juu, rudi nyuma ya mstari, mwite sajini wako. Kuhesabu risasi zako kuna faida hiyo pia: ukiona mkobani zimepungua nyingi kuliko ulizozisikia begani, kuna kitu kimebaki ndani.

Kuhusu kuzifunga mwenyewe: dozi ya kawaida kwa bunduki hiyo ni greni 60 za baruti nyeusi, karibu gramu nne. Ratili moja ya baruti inatoa risasi zaidi ya 110, kwa hiyo ukigawana na mwenzio ratili moja mnatosha kwa siku. Chukua karatasi nyepesi, ikunje kwenye kijiti cha unene wa nusu inchi, funga ncha moja kwa uzi wa pamba, chomoa kijiti, mimina baruti iliyopimwa, kisha sokota mkia. Ni baruti na karatasi tu. Usitie pini ya stepula, usitie utepe wa plastiki, wala kitu chochote kinachoweza kuruka. Uwanjani unang'ata mkia, unamimina baruti, na karatasi unaitupa au unaitia mfukoni. Haishindiliwi. Mdeki, yaani kile kijiti cha chuma cha kushindilia, unakaa mahali pake chini ya mtutu tangu mwanzo hadi mwisho wa pigano. Kuna watu walishausahau ndani wakaurusha kama mkuki. Na usije na pembe au chupa ya baruti ya kumimina moja kwa moja kwenye mtutu. Cheche iliyobaki humo ndani itaifuata baruti mpaka mkononi mwako.

Baruti yenyewe iwe nyeusi ya dukani: shura asilimia 75, makaa 15, kiberiti 10, iliyosagwa na kupimwa na wanaojua. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi ukiitia kwenye bunduki ile, mtutu unapasuka. Wewe ni mgeni mwenye viza ya masomo, kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usinunue chochote kwa jina lako. Toa pesa ya mchango, kikundi kinunue, na risasi zako zitolewe kwenye meza yao asubuhi hiyo na zilizobaki zirudishwe kwenye meza hiyo hiyo jioni. Wala usije ukafunga hata moja kwenye begi la kurudi Kibosho kumwonyesha baba. Baruti haipandi ndege.

Kabla ya pigano mtapangwa kwa ukaguzi. Utaambiwa utumbukize mdeki kwenye mtutu uuache uanguke. Mtutu mtupu na msafi unalia ngriii, kama kengele ya baiskeli. Wenye uchafu au dozi iliyosahauliwa unatoa sauti nzito, tup. Sajini anayejua anapita na mstari mzima amefumba macho na bado anakwambia wewe wa tano toka nje. Usione haya ukitolewa.

Jioni, maji ya moto na sabuni, tena usiku huo huo. Masizi ya baruti nyeusi yanakula chuma kuliko chumvi ya pwani.

Bwana Stoo, salaam. Mimi ni mwalimu wa historia karibu na Himo. Tunataka kuigiza mapigano ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwenye vilima vya Latema na Reata, karibu na Taveta, ya Machi 1916 siku ya wazazi, tukiwa na wanafunzi 60. Mzee mmoja kijijini amejitolea kuja na gobore lake, na kijana wa duka amesema anaweza kutupatia baruti za sikukuu. Kwa wanafunzi 60, tunahitaji risasi baridi ngapi na baruti kiasi gani?
Mwalimu, Himo

Mwalimu, sifuri. Andika kwenye bajeti yako: risasi sifuri, baruti sifuri.

Huyo kijana huko juu yuko kwenye nchi ambayo mambo haya yana vikundi, wakaguzi na desturi ya miaka mingi. Hapa kwetu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na gobore ni silaha sawa na nyingine. Kama mzee ana kibali, kibali hicho hakisemi apige mbele ya watoto uwanja wa shule. Kama hana, mshauri kwa upole, si mbele ya watu, akalisalimishe polisi. Jeshi letu la polisi limezoea kutoa muda wa kusalimisha silaha bila kumshitaki mtu, aulizie. Kwenye sherehe mwekeni meza kuu asimulie. Baruti za sikukuu nazo zina kibali chake, na watoto 60 na baruti kwenye uwanja mmoja ni jambo ambalo mimi nisingesimamia hata nikilipwa.

Lakini wazo lako nalipenda sana, na nataka nikupe kitu kizuri zaidi ya mshindo. Uliza watu mia hapa Moshi vile vita vilikuwa vya nini, watakwambia mizinga na Wajerumani. Kilichoamua mambo mengi ni hesabu ya ghala. Wajerumani wa hapa walizingirwa na manowari za Waingereza baharini. Risasi iliyotumika ilikuwa haina ya kuja kuchukua nafasi yake, isipokuwa kwa bahati. Novemba 1914 askari walipakiwa kwenye treni kutoka huku kwetu Kilimanjaro kwenda kuikoa Tanga, wakashinda, na Waingereza wakaacha bunduki mamia, bombomu na risasi zaidi ya laki tano. Hiyo ilikuwa neema. Januari 1915, huko Jasini kaskazini ya Tanga, walishinda tena, lakini pigano lile liliteketeza risasi 200,000. Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, alipiga hesabu akaona kwa akiba iliyobaki anaweza kumudu mapigano mengine matatu tu ya namna ile. Ushindi wa namna hiyo bwana stoo haufurahii. Tangu hapo akawa anapeleka vikundi vidogo kulipua reli ya Uganda badala ya kusimama uwanjani.

Aprili mwaka ule meli iliyoitwa Rubens ilipenya mpaka Ghuba ya Manza, ikashambuliwa na manowari ya Waingereza, ikaungua na kuzama kwenye maji mafupi. Mzigo ukaopolewa. Risasi zilizolowa zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa tena. Hebu mfikirie yule askari aliyekaa kivulini siku nzima anafanya kazi hiyo. Mimi ningempa cheo.

Sasa igizo lako. Wape wanafunzi magunzi ya mahindi. Himo hamkosi magunzi. Kila gunzi ni risasi moja.

Chukua 20 wawe wanaoshambulia kutoka upande wa Taveta, upande wa Smuts, jenerali wa jeshi la Waingereza. Wape magunzi 15 kila mmoja. Kumi na wawili wawe juu ya kilima wanalinda. Hao wape manane manane. Ishirini wawe wapagazi. Usiwasahau wapagazi, Mwalimu, maana katika vita vile walizidi wenye bunduki kwa mbali, na mara nyingi kwenye maigizo yetu hawaonekani kabisa. Wao ndio watakaoleta magunzi ya nyongeza kutoka nyuma kwa vikapu, kwa miguu, bila kukimbia, na kila safari iwe ndefu. Wanane waliobaki wawe wa sauti.

Sauti ya bunduki unaitengeneza kwa mbao mbili zenye urefu wa mkono, zilizofungwa bawaba upande mmoja. Ukizikutanisha kwa nguvu zinatoa mlio mkali unaoshtua ng'ombe. Seremala yeyote atakufanyia kwa mbao za mabaki. Mzinga ni pipa tupu na rungu. Moshi ni majani mabichi kwenye pipa jingine, likae upande ambao upepo hauwapigi watazamaji. Bunduki ziwe za mbao, zipakwe rangi inayoonekana wazi kuwa ni mbao.

Kanuni ni moja: anayepiga anadondosha gunzi moja kwenye ndoo iliyo mbele yake, ndipo wa sauti wanagonga. Hakuna gunzi, hakuna risasi. Mwache mwanafunzi afyatue hovyo akitaka. Baada ya dakika tano ataangalia kikapu chake, atamwangalia mpagazi bado yuko kona ya choo anakuja, na hapo hutahitaji kueleza kitu.

Mfuate pia mwendo wenyewe wa pigano. Mashambulizi ya tarehe 11 Machi 1916 yaliendelea mpaka usiku. Waingereza walirudisha nyuma sehemu kubwa ya watu wao, lakini baadhi ya askari waling'ang'ania juu ya vilima hadi alfajiri, na asubuhi ya tarehe 12 Wajerumani wakaonekana wameondoka, maana jeshi jingine lilikuwa linawazunguka kuelekea Moshi. Kwa hiyo wale 12 wa kilimani wasife wote. Wakibakiwa na magunzi mawili mawili, piga filimbi, waondoke kimya kimya na ndoo zao. Kama una muda, waende mpaka "Kahe", yaani upande wa pili wa uwanja. Pale, siku chache baadaye mwezi huo huo, walikuwa na mzinga mkubwa uliotolewa kwenye manowari yao Königsberg, wakaulipua wenyewe walipoona hawawezi kuuhamisha. Hapo ndipo pipa lipigwe kwa nguvu zote.

Mwishoni wahesabu ndoo mbele ya wazazi. Upande upi ulitumia ngapi, upi umebakiwa na ngapi. Na mzee wa gobore apewe kipaza sauti.

Bunduki nyingi za askari wa Kijerumani mwanzoni mwa vita zilikuwa za mtindo wa 1871, za baruti nyeusi, risasi moja moja, na moshi wake ulikuwa unawaonyesha adui mahali walipojificha. Ukipenda, kila mlinzi wa kilimani akipiga apeperushe kitambaa cheupe juu ya kichwa chake. Watoto watacheka mpaka waelewe.

Bwana Stoo, mimi ni fundi cherehani Arusha, karibu na Soko Kuu. Nimepata oda kutoka kwa wageni wa Ulaya wanaoigiza Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanataka mikanda ya Kiingereza yenye vifuko vya risasi kwa turubai. Picha waliyotuma haionekani vizuri. Vifuko ni vingapi, na kila kimoja kinaingia ngapi? Nisije nikashona vidogo.
Mama Cherehani

Hongera kwa oda, mama. Kama wanataka mtindo wa 1908, ambao ndio wa turubai, ni vifuko vitano kila upande: vitatu chini, viwili juu. Kila kifuko kinaingia risasi 15, yaani fungu tatu, vile vibanio vya chuma vya risasi tano tano. Upande mmoja 75, pande zote 150. Omba wakutumie fungu moja tupu kwa kipimo, au kipande cha mbao cha ukubwa huo huo, ndipo ukate. Kifuniko kibane vizuri. Mtu akilala kifudifudi akiinuka risasi zisimwagike.

Waambie pia maneno haya yametoka kwangu: vifuko kumi si lazima vijae. Askari wa Kiingereza wa 1914 alizoezwa kulenga na kupiga 15 kwa dakika moja kwa bunduki ya Lee-Enfield. Kwa mwendo huo mkanda wote unakwisha ndani ya dakika kumi, na risasi baridi za siku hizi zina bei. Wenye akili hujaza vifuko vingi kwa mbao au gamba gumu ili mkanda ukae na uzito wake, kisha wanatia risasi baridi kwenye viwili au vitatu vya mbele, 30 au 45, na kabla ya kuingia uwanjani kila mmoja anamwaga vyote kwenye blanketi mbele ya mkaguzi. Mikanda ya mnadani huja na vitu. Risasi ya kweli ya mwaka 1915 iliyosahaulika kwenye kona ya kifuko inafanana na ile baridi kuliko unavyodhani usiku kwenye mvua.

Na kitambaa kiwe pamba tupu. Ukichanganya na nailoni, cheche moja inayeyushia kitambaa kwenye ngozi ya mtu. Koti la sufu linaungua tobo dogo, basi.

Bwana Stoo, naongoza watalii Arusha. Mgeni wangu anataka kuja na bastola ya risasi baridi na boksi moja la risasi ili "aonje" pigano la Longido la 1914 akiwa juu ya mlima wenyewe. Anasema kwao hailipiwi kibali. Nimjibu nini?
Kiongozi wa watalii

Mjibu leo, kabla hajapakia begi. Kwao ni kwao. Aje mikono mitupu. Hata kama kitu hicho hakitoi risasi, akifika nacho uwanja wa ndege ni wewe utakayeitwa kutafsiri, na safari yako imeishia pale.

Longido mpeleke alfajiri. Waingereza walipanda usiku wakitoka upande wa Kenya kupambana pale tarehe 3 Novemba 1914, siku zile zile za Tanga, wakapata ukungu na wakakosa maji. Akipanda na chupa yake ya maji akamaliza nusu kabla ya jua kuchomoza, ataonja vizuri tu. Akirudi Moshi mpitishe kwenye makaburi ya vita, asome majina.

Shikamoo babu. Nalima mahindi na alizeti Kahe. Trekta limefukua risasi za zamani, nyingine zina kutu ya kijani, nyingine zimeshikana kama udongo. Kuna na kitu kirefu cha chuma kama chupa. Mtoto wangu ameziweka chini ya kitanda kwenye kisanduku cha bati, anasema atamuuzia mzungu anayeigiza vita. Zina thamani?
Mkulima, Kahe

Marahaba. Barua yako ilipofika sikungoja gazeti litoke. Nilikupigia siku ile ile kwa ile namba uliyoandika chini. Hapa nawaandikia wengine wa Kahe, Taveta, Holili na kote ambako majembe yanagonga vyuma vya vita ile.

Hazina thamani ya kuuzwa, na hakuna mwigizaji wa vita mwenye akili atakayezigusa. Risasi ya miaka mia na zaidi haifi kwa kuzeeka. Na hicho kirefu kama chupa ni kombora la mzinga mpaka mwenye ujuzi aseme vinginevyo. Usiisugue kutu, usiianike, usiipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, usiipige picha ukiwa umeishika. Shambani weka alama ya kijiti chenye kitambaa, trekta lisimame, mpigie mtendaji wa kijiji na polisi, wao wataita jeshi. Kama imeshaingizwa ndani ya nyumba, usiibebe tena kuirudisha shambani. Toeni watoto na mbuzi, fungeni mlango wa chumba, mkakae kwa jirani mpaka waje.